Bakuli la Sukari Chini ya Kitanda

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na iwe haraka, maana Alhamisi ni siku ya soko Kabuga na ng'ombe wa mama mkwe atauzwa kwa sababu ya mdomo wangu.

Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Nyakabanda, mume wangu Ndayisaba ni seremala. Zamani, na si zamani ya mbali, miaka mitatu tu, nilikuwa nikiingia dukani kwa Usumani namkuta anachota sukari guniani, anapima kilo, anaongeza kiganja juu bila kuombwa, anafunga kwenye karatasi ya kaki ambayo watoto waliilamba mpaka ikatoboka, na nyumbani bakuli lilikaa katikati ya meza, kila mgeni akajichotea apendavyo, rafiki yangu Spès vijiko vinne, nami nikifurahi kumwona akikoroga, jamani, nilifurahi sana. Tangu faranga iliposhushwa na barabara ya Gatuna, ya kwenda Uganda, ikafungwa, malori yanazungukia Tanzania, rafu za Usumani zimebaki na chumvi, viberiti na sabuni ya aina moja, na sukari anaifunga kwenye vinailoni vya vijiko vitatu vitatu. Nilipomwomba kilo aliniangalia kwa huruma. "Kilo haiko, Mama Kaze. Iko ya nailoni tu."

Basi Jumapili moja Spès akaja baada ya misa, na bakuli nimelificha chumbani chini ya kitanda, nikaona aibu kusema sukari imenishinda, nikasema, "Siku hizi hatuweki sukari mezani, Baba Kaze iko na diyabete." "Yoo! Pole sana," akasema, akainywa chai chungu yote.

Mshauri, neno hilo lilitembea. Harusini mume wangu ananyimwa soda, majirani wanamletea majani machungu ya kuchemsha, na yeye, anayesikia ugonjwa wake kwa watu, sasa anahesabu mara anazokwenda chooni na amepungua mwili. Jana mama yake, Gahongayire, ametuma mtu kutoka Kabuga: anamuuza Bihogo, ng'ombe wake wa pekee, mtoto wake atibiwe. Tena tangu asikie habari hizo, mwezi mzima sasa, naye ameacha sukari. Eti, "Mtoto yangu asikunywe uchungu peke yake." Nikisema kweli watanionaje? Nisaidie.

Mama Kaze, Nyakabanda


Mama Kaze,

Nilicheka mpaka nilipofika kwa ng'ombe. Hapo nikaiweka barua chini.

Pole, mdogo wangu. Hata mimi naikumbuka ile karatasi ya kaki, na si watoto tu walioilamba. Lakini unamwonea nani aibu? Mwezi huu nimetembelea nyumba tatu na zote nimeambiwa kuna mgonjwa wa sukari. Ugonjwa gani huu unaopanda pamoja na bei? Na bakuli langu mimi, ukitaka kujua, liko nyuma ya kabati. Usumani ni mfanyabiashara na duka lake limekauka mbele ya macho ya watu, lakini anasema "haiko" na siku yake inaendelea. Neno hilo moja lingekutosha.

Mwambie mumeo leo, mara tu atakapoweka randa chini. Atakasirika, ana haki, mwache aseme mpaka achoke. Halafu, kwa kuwa kweli amepungua, mpeleke kituo cha afya apimwe. Huenda ni woga tu, ila usibahatishe.

Spès ni rafiki yako, huyo hana shida. Rudisha bakuli mezani, hata likiwa na kijiko kimoja, umwambie ndicho kilichopo mgawane. Mtacheka nyote wawili, na nadhani atakuambia lake liko wapi.

Kabuga nenda Jumatano, kabla ya soko. Usitume mtu. Pitia kwanza kwa Usumani ununue nailoni moja, uifunge kwenye pindo la kitenge. Ukifika, piga magoti useme yote bila kumsingizia Spès wala bei wala barabara. Bihogo akishabaki zizini, mchemshie mama mkwe chai, ufungue ile nailoni.

Usimuulize anataka vijiko vingapi. Mimina yote.