Boma la Nyamiti

Jumapili, 1 Juni

Tumepiga kura tena. Tena sikupata hata mtu mmoja.

Utaratibu ni ule ule. Anayependekeza kitabu anasimama uani kwa Mama Kulwa, amekishika kifuani, na wengine wanakwenda kujipanga nyuma ya wanayemtaka. Mstari mrefu ndio kitabu cha mwezi. Hakuna karatasi wala siri. Mama Kulwa, mwenyekiti wa kundi letu la kusoma, anasema kura ya siri ni ya watu wenye mambo ya kuficha. Sawa. Lakini yeye hasimamagi na kitabu. Hajui upepo unavyopita mgongoni pakiwa patupu.

Mwalimu Deus kashinda. Upelelezi tena, maiti tena. Hamisi, yule mnunuzi wa dhahabu kutoka Singida, kashika kitabu chake cha namna ya kutajirika na kapata mstari wa kuridhisha. Mimi na kitabu changu cha bluu, hakuna. Nilipoulizwa kinahusu nini nilijibu, "Ni kizuri." Ndivyo nilivyojibu mwezi uliopita pia.

Nina hasira. Nimerudi nimeshona ovaroli nzima kwa hasira, na mshono umenyooka kuliko siku zote.

Alhamisi, 5 Juni

Vumbi. Kazi nyingi, vijana wa mgodini wote wanataka utepe wa kung'aa mgongoni. Cherehani ikishika mwendo wake mimi huwa sipo. Naondoka Bugarama nikiwa nimekaa. Leo nimefika Chato, barazani kwetu.

Mama ananisomea. Tunachambua dagaa, yeye kasimamisha kitabu hiki cha bluu kwenye sufuria iliyofunikwa. Mimi mtu mzima na bado nasomewa, na wala sikuona haya. Mjane mmoja, Nyamiti, anajenga nyumba kisiwani peke yake. Anafyatua tofali, anachoma tanuri, anabeba maji. Siku kuta zilipokwisha, Mama akakunja kona ya ukurasa akasema tutaendelea kesho. Kesho yake aliamka na homa, na hakupona. Kitabu nikakirithi na kona yake.

Huu ni mwaka wa pili na sijaifungua. Nikisoma mwenyewe kimyakimya, basi Mama atakuwa amemaliza kunisomea. Nataka kisomwe kwa sauti, na mtu mwingine, watu wamekaa. Na mahali ninapojua panasomwa kwa sauti ni uani kwa Mama Kulwa tu, kwa sababu kitabu huwa kimoja na masikio mengi. Ni hilo tu ninalotaka. Siwezi kuwaambia. Sitaki watu wajipange nyuma yangu kama wamekuja kunipa pole.

Nimeliota tena lile boma la Nyamiti. Nimo ndani, nimelala chali, juu hakuna bati wala nyasi. Mawingu yanapita polepole kama kondoo wa mtu asiye na haraka. Siogopi. Nasubiri tu.

Jumatano, 11 Juni

Jioni ya kusoma. Zamu ya Shija. Mungu anisamehe.

Shija ni mchimbaji, mtu mzima mwenye ndevu zake, kajifunza kusoma ukubwani. Anasoma neno, anapumzika, anasoma jingine. Muuaji alikuwa anapanda ngazi, na mpaka tunatoka bado alikuwa anapanda. Hamisi alisinzia. Mimi nilitamani kumnyang'anya kitabu. Lakini kila mtu lazima asome ukurasa wake, Mama Kulwa hana mchezo kwa hilo. Kama asivyo na mchezo na sheria ya pili, kwamba anayependekeza asiwe amekimaliza kitabu. Hiyo ililetwa na Mwalimu Deus, aliyewahi kututajia muuaji kabla hata ya maiti kupatikana.

Jumanne, 24 Juni

Habari mbaya. Mama Kulwa anahamia Kahama mwisho wa Julai. Binti yake Kulwa kajifungua, anataka mama yake karibu. Ua utapangishwa. Mwalimu anasema tutatafuta pengine, lakini alisema huku anatazama chini.

Kwa hiyo kura ya Julai ndiyo ya mwisho. Ni sasa, au kona ile ibaki imekunjwa na mimi nizeeke nayo.

Ijumaa, 4 Julai

Nimekwenda kwa Mama Kulwa. Nilikuwa nimepanga kumwambia yote. Shikamoo, marahaba, akanipa karanga, akaniuliza habari za cherehani. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Nikasema cherehani nzima, namshukuru Mungu. Nikarudi nyumbani na karanga mkononi.

Njiani nimemkuta Hamisi anawanunulia watu soda. Eti kiu tu. "Dada Pendo, chukua na wewe, haina masharti." Nilichukua. Nilikunywa kwa kinyongo, ilikuwa ya baridi.

Mchana wote macho wazi lakini nimo kwenye boma. Kuta zina joto la jua. Kuna mtu anatembea upande wa nje, namsikia nyayo, hafiki mlangoni.

Jumapili, 6 Julai

Niandike kabla haijanitoka.

Tulisimama wanne. Mwalimu Deus, Hamisi, mimi, na sikuamini macho yangu, Shija. Kashika kitabu cha watoto chenye picha ya sungura, jalada limetafunwa na panya. Watu walicheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka. Akasema ndicho kitabu pekee alicho nacho, na hajakimaliza.

Wakajipanga. Mstari wa Mwalimu, mstari wa Hamisi. Nikageuza shingo. Patupu. Nikamtazama Shija. Patupu. Alikuwa kaganda, kidevu juu, macho mbele, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikajua ndivyo ninavyoonekana mimi kila mwezi.

Sijui nilifikiri nini. Niliweka kitabu cha bluu kwenye benchi nikaenda kusimama nyuma yake. Natembea huku najua nimekipoteza. Iliniuma sana, na miguu haikusimama.

Shija akageuka. "Wabeja, dada," akanishukuru. Halafu, kwa sauti ya kawaida tu, "Chako kinahusu nini lakini?"

Sikuwa na kitabu kifuani cha kujikingia. Nikamwambia. Mjane anajenga kisiwani peke yake. Boma limefika lenta, kuta zimekwisha. Limebaki kupauliwa na hana mtu wa kumsaidia.

"Sasa kenchi, mbao zote zile za paa, anapandishaje peke yake?"

Nikasema sijui, nimeishia hapo.

"Haiwezekani," mtu akasema kwenye mstari wa Mwalimu. Mwingine akasema inawezekana, akiwa na kamba na mti mrefu. Hamisi akasema kwa kamba atabomoa ukuta, akaniuliza tofali ni za kuchoma au mbichi. Nikasema za kuchoma. Wakaanza kubishana wote kwa pamoja, mistari ikapinda. Kumbe kila mtu pale ana boma mahali. La Hamisi liko Singida, linanyeshewa kila masika. La Mwalimu Deus limeota mpapai sebuleni na keshakula mapapai yake. Haya nilikuwa nayajua siku zote. Sikuwahi kuyaweka karibu na kitabu changu.

Shija akatia sungura wake kwapani, akakichukua cha bluu kwenye benchi, akakishika kifuani kama sheria inavyotaka. Mimi nikabaki pale pale nyuma yake. Hamisi akaweka utajiri wake chini, akaja. "Nataka kujua tu anavyopaua," akasema, kama mtu anayejitetea. Wakaja wengine. Mwalimu Deus alibaki na watu wawili, mmoja wao mke wake.

Habari ya Mama sikumwambia mtu. Hakuna aliyeuliza, na hawakuwa wameihitaji.

Jumatano, 9 Julai

Tumeanza. Kusikia sentensi ya kwanza kwa sauti ya Hamisi ni kitu cha ajabu. Anasoma kama anapatana bei. Nilifumba macho na bado niliona ziwa.

Jumatano, 16 Julai

Kuta zinapanda. Watu wamempenda Nyamiti, isipokuwa Mwalimu, anayesubiri maiti. Mama Kulwa kaniomba nisimwambie mbele kuna nini. Nimemwambia sijui, akanitazama kama mimi ni muongo.

Nimehesabu zamu kichwani. Sasa tunasoma na Jumapili pia, tuwahi kabla Mama Kulwa hajahama, na Jumapili hii kona ya Mama itamwangukia Shija. Shija, wa watu wote. Nimefikiria kuomba tubadilishane, nikakosa sababu ya kutoa. Nimefikiria kusingizia homa na kubaki nyumbani. Naogopa. Sijui kama naogopa asome vibaya au naogopa asome.

Jumapili, 20 Julai

Nilikwenda.

Upepo kidogo, harufu ya maharage kutoka kwa jirani. Shija akapokea kitabu, akaikuta kona. Hakuuliza. Akainyoosha kwa kidole gumba, taratibu, akahakikisha hakuna herufi iliyofichwa, akaendelea. Neno, akapumzika. Neno, akapumzika. Mwezi uliopita ningekufa kwa hasira. Leo nilitaka asiongeze mwendo hata kidogo. Kila neno lilifika na nikapata muda wa kulipokea. Haikuwa sauti ya Mama. Haikujaribu kuwa.

Nyamiti hakupandisha kenchi. Aliezeka pembe moja tu, juu ya kitanda, kwa fito na nyasi alizoweza kubeba mwenyewe. Kwingine kaacha wazi. Mvua inanyesha sebuleni naye kalala pakavu, anaisikiliza.

Hamisi kakataa kabisa. Huko si kupaua, anasema. Mama Kulwa kamwambia mtu kalala pakavu, unataka nini tena. Walibishana mpaka chai ikapoa. Nililia kidogo. Aliyeniona ni Shija, akatazama pembeni, kwenye kuku.

Jua liliposogea ukutani Mama Kulwa alichukua kitabu. Zimebaki kurasa chache. Akakunja kona, akasema tutaendelea Jumatano.

Nikasema sawa.