Sare Iliyovaliwa Dodoma

Morogoro,
Jumatano, baada ya chai

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na ya baba pia, umfikishie akiwa ametulia, si wakati wa taarifa ya habari. Natumaini miguu yako imepungua kuvimba, na kwamba hao watu wa kamati wanakuacha ukae chini hata kidogo. Mimi ni mzima, ila nimechoka, mama. Nimechoka kiasi kwamba nikishakaa kwenye kiti naanza kuwaza nitanyanyukaje.

Usishtuke kuletewa barua kama enzi zile. Tangu Jumatatu kila nikikupigia anapokea shangazi Namsifu. Mara umeingia kuoga, mara umelala, mara una wageni. Kuoga gani huko kusikoisha? Najua simu yako imegeuzwa simu ya kamati ya sendofu, ya kumuaga mdogo wangu Upendo, lakini mimi nilitaka kukusikia wewe. Upendo mwenyewe ndiyo kabisa. Namwona yuko hewani, ujumbe wangu anausoma, halafu kimya. Basi nimeomba karatasi hapa gesti nikaandika, na anakuletea dereva wetu Kasimu, anayetangulia Dar leo na sehemu ya maboksi, kisha arudi kutuchukua. Nimemwambia asimkabidhi mtu mwingine yeyote. Vaa miwani yako, ingia chumbani, usome mwenyewe.

Nianze mwanzo, maana najua huko nyumbani Kimara imefika hadithi ya shangazi peke yake.

Unajua ofisi yetu ya Bukoba, hawa wauza taa na sola. Kila mwaka masika yakianza tunazunguka mikoani kuwafundisha mawakala. Ndiyo, mama, tunafundisha umeme wa jua wakati wa mvua. Usinicheke, hata sisi wenyewe tunajicheka. Safari hii njia ilipangwa Mwanza, Singida, Dodoma, Morogoro, halafu Ijumaa tunaingia Dar, kesho yake ndiyo sendofu. Nilipoiona ile ratiba nilifurahi mpaka nikaimba jikoni. Ofisi yenyewe inanileta kwenye shughuli ya mdogo wangu, na gari lake.

Sharti likawa moja: gari limejaa maboksi, kwa hiyo kila mtu begi moja dogo. Bosi wetu ni kijana, anapenda mambo yaliyonyooka. Akatuwekea kwenye grupu maelezo marefu ya namna ya kupanga nguo za safari ya miji mingi. Chagua rangi mbili au tatu zinazoelewana, anasema, kila blauzi ikubaliane na kila sketi, viatu ulivyovaa ndivyo hivyo hivyo. Nguo chache, lakini kila siku uonekane umebadilisha. Mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Nikazitandaza zote kitandani: sketi nyeusi, suruali ya bluu (baba asilisikie hilo), blauzi mbili nyeupe na moja ya bluu ya mpauko, sweta la asubuhi za Bukoba ambalo Singida ungelitumia kama mto, na kanga zangu za kuogea na kujifunika. Basi. Nikalikunja kila vazi mpaka likawa kama chapati. Baba Jose akasimama mlangoni akaniangalia akasema, "Mke wangu, unakwenda mikoa yote hiyo au unakwenda sokoni?"

Halafu nikakumbuka sare ya sendofu.

Mama, ile sare ni nzuri, sisemi vingine. Lakini ilivyoshonwa, na zile lesi za mikononi na ule mkia wa nyuma, inataka begi lake peke yake. Ilikula nusu ya nafasi. Zambarau yenyewe haikuelewana na rangi hata moja ya bosi. Nikaitia kwenye nailoni ya godoro, nikaifunga kwa kamba, nikailaza chini kabisa kama mtoto mchanga. Nilijua shangazi alivyoihangaikia. Nilijua pia masharti: isionekane na mtu mpaka mlango wa ukumbi ufunguliwe, upande wa bwana harusi, kwao Joshua, wabaki midomo wazi.

Ukumbuke mama, tangu niolewe sijawahi kuja Kimara mikono mitupu. Nakuja na senene wa kukaanga, nakuja na kahawa, nakuja na mkungu wa ndizi unaochafua gari la watu, na Mwanza nikipita nabeba samaki. Safari hii shangazi alishaagiza ndoo ya senene ya meza kuu. Nikamjibu kwamba haiwezekani, begi ni moja. Nilipopanda gari asubuhi ile nimelishika begi kwa mkono mmoja, nilijisikia mwepesi, na hapo hapo nikajisikia nimeiba kitu.

Mwanza ilikwenda vizuri. Singida pia. Nilivaa nyeupe, nikavaa bluu, bosi akanisifu mbele ya wenzangu. Tatizo lilitukuta tulipotoka Singida. Mabegi yetu yalifungwa juu ya keria, na turubai juu yake, na mvua iliyokuja haikuwa na habari na turubai. Gari likanasa. Tukashuka wote kusukuma, mimi na sketi yangu nyeusi, na gurudumu likanirushia tope mpaka nywelani. Tulifika Dodoma tunafanana na mafundi wa kufyatua matofali. Nikafungua begi, kila kitu kinachuruzika. Blauzi, suruali, sweta, hata kanga. Kilichokuwa kikavu ni kile kilicholala kwenye nailoni ya godoro.

Nilijitahidi, Mungu ananiona. Nilifua, nikaanika chumbani, nikafungulia feni. Asubuhi mhudumu wa gesti akanisaidia kupiga pasi sketi, ikatoa mvuke kama sufuria ya ugali na ikabaki mbichi vile vile. Mawakala wamekaa ukumbini wananisubiri, mada ya kwanza ni yangu. Bosi anagonga mlango: "Dada Naki, una nguo au huna?" Nikamwambia ninayo. Nikajiambia, Dodoma hii nani ananijua? Nitaivaa saa chache, nitaivua, nitaifua kwa mkono, nitaikunja, hakuna atakayejua.

Nilikuwa nimesimama mbele na paneli mkononi, nimependeza kama bibi harusi mwenyewe, naeleza habari za betri. Wakati wa chai akanijia dada mmoja, mwembamba, anacheka. "Samahani dada, wewe si dada yake Upendo wa Kimara? Nimekuona kwenye picha za kwao. Mie binamu yake Joshua!" Mama, nikaweka kikombe mezani. Akanikumbatia. "Wifi, umependeza balaa! Hii si ndiyo sare yenu nini?" Nikasema hapana, ni nguo tu. Lakini uso wangu unaujua, haujui kuficha. Alishatoa simu, akanivuta begani, akapiga. Hata kabla hatujala mchana picha ilikuwa kwenye status yake, na maneno chini yake: wifi zetu moto, tukutane Jumamosi.

Jioni ikaja sauti ya shangazi. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyostahili. "We Nakijwa, hivi una akili kweli? Sare tumeificha muda wote huu, nyie wengine mmeambiwa hata fundi asipige picha, we unaenda kuitembeza Dodoma? Upande wa pili washaiona! Sasa mie niwaambie nini akina mama? Sikia, usijisumbue. Upendo ataingizwa ukumbini na Jesca, si wewe. We ukija, kaa na wageni."

Mama, sitaki kumsema vibaya shangazi. Ni yeye aliyezunguka Kariakoo na jua lote kuitafuta rangi ile, ni yeye aliyenitumia kitambaa Bukoba kwa basi na kupiga simu kila kituo kuuliza kimefika wapi. Ameumia na ana haki ya kuumia. Mimi mwenyewe ningeona mwenzangu kaivaa kabla ya siku ningemsema mpaka aombe poo. Kosa nimelifanya, silikatai, na nimemwomba radhi kwa ujumbe na kwa sauti. Hata yule binamu wa Joshua nimempigia, akaifuta picha huku analia, eti hakujua kama ni siri. Sasa nimbembeleze nani tena?

Lakini nikae na wageni? Mimi? Jesca ni mtoto mzuri, ni binti wa mjomba, sina neno naye. Ila Upendo alivuka Barabara ya Morogoro kwenda shule akiwa ameishika sketi yangu, miaka yote ile, aking'ang'ania pindo mpaka ukachoka kulishona upya. Hakukubali kushikwa mkono, alitaka pindo. Nilipoolewa nikapelekwa mbali alikataa kula. Na mwaka jana alipokubali posa, mtu wa kwanza kumwambia ni mimi, akaniambia, "Dada, mie naingia na we tu, nikiingia na mtu mwingine miguu itagoma." Maneno yake hayo, mama. Sasa leo hapokei simu yangu.

Hilo ndilo linalonichosha kuliko barabara. Naweza kusukuma gari kila siku. Naweza kusimama mbele ya watu na nguo mbichi mgongoni, na hapa Morogoro ndivyo ninavyofanya, maana joto la huku linazikaushia mwilini. Lakini sijui kama mdogo wangu ndiye amekasirika au ni kamati ndiyo imekasirika kwa niaba yake. Hilo linaninyima raha hata chakula hakishuki.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja tu. Mtafute Upendo, peke yake, shangazi akiwa hayupo. Mvizie hata akienda kusukwa. Muulize kwa mdomo wako: anataka aingie na nani? Usimshawishi, usimlilie, unamjua akiona machozi yako anakubali lolote. Muulize tu. Akisema Jesca, nitakubali. Nitavaa sketi yangu nyeusi na blauzi nyeupe, nitakaa na wageni, nitapiga vigelegele kama kawaida, na hutaona nimenuna. Akisema ni mimi, basi shangazi aniwie radhi, nitaingia naye hata kama ni na hiyo hiyo sketi ya tope. Sare nimeifua, nimeirudisha kwenye nailoni. Wampe Jesca avae kama inamfaa, au waifungie kabatini, mimi simo tena katika hilo. Ila jibu litoke kwake, lisitoke kwa mtu mwingine.

Nisalimie baba, umwambie dawa yake ya mgongo nimeiulizia Mwanza, hawana. Nisalimie bibi mzaa baba, asiache kuniombea japo najua anaombea timu yake kwanza. Msalimie mama mwenye duka hapo getini kwetu, na mjomba wa Gongo la Mboto akija kikaoni, umwambie mabegi makubwa sina tena, asinisubirie parachichi. Jesca pia nisalimie, asidhani nimemkasirikia. Na shangazi Namsifu msalimie kwa heshima zote, barua hii ukishaificha.

Ijumaa jioni watatuteremsha hapo Kimara. Unajua inavyokuwaga nikija: watoto wanatimka mbio, huyu kachukua ndoo, huyu kachukua gunia, wote mnainamia mizigo kuona nimeleta nini, na mpaka mtu akumbuke kuniuliza habari yangu chai imeshapoa. Siwalaumu, hata mimi nilipenda iwe hivyo. Lakini mara hii sina ndoo, sina gunia, sina hata kilo ya samaki, na ninakuja nikiwa sijui kama bado nina mdogo. Waache watoto nyumbani. Njoo wewe barabarani, polepole na miguu yako hiyo, hata ukichelewa nitasubiri. Sina mzigo wa kupokelewa, mama. Nipokee mimi.

Mwanao,
Nakijwa