Hodi kwenye Meza ya Nyanya

Deo, mjukuu na mume wangu,

Ngo, ngo, ngo. Mlio huo haujanitoka. Mpanda nimewaacha wote wazima, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama mimi, bibi yako wa ukoo ingawa tunalingana umri, siogopi kusema na wabunge.

Mvua ilipoangusha nyumba ya Mama Zawadi kule Misunkumilo, alihamia na wanawe chini ya meza yake ya nyanya, sokoni Kashaulili. Juzi mbunge wetu alipita, nami nikiwapo, akainama kuchungulia.

“Mheshimiwa, mbona unaingia bila hodi?” Mama Zawadi akamuuliza.

“Hodi sokoni, mama?”

“Hapa ndipo kwangu.”

Watu walicheka. Yeye alirudi nyuma, akagonga mguu wa meza, akakaribishwa mkekani. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kumsomea, kuomba serikali iwajengee wasio na makazi. Sikuisoma; kwa hodi ile Mama Zawadi alikuwa ameshasema yote.

“Mkayaseme haya Dodoma, mbele ya kamati ya Bunge,” mbunge akatuambia.

Mama Zawadi akanigeukia. “Tunaenda, mdogo wangu?”

Naandika nikiwa kwenye treni. Katumba tumeshaipita, naye amekaa dirishani. Bandika maji ya ugali, mume wangu, tutapiga hodi hapo kwako Dodoma.

Bibi yako