Tasa ya Mlango wa Jiko

Mpendwa baba,

Shikamoo. Marahaba naiitikia mwenyewe, maana ulitufundisha salamu isiachwe bila jibu.

Juzi nilikuja nyumbani Masaki kumwambia mama habari za kikao. Jumamosi wakwe zangu wanakutana kule Janga kuamua kama mume wangu aoe mwingine, kwa kuwa nimekaa kwao miaka tisa bila mtoto. Nilimweleza kama mtu anayesoma tangazo la kukatika maji. Mama alilia. Mimi sikulia, baba. Siku hizi nimekufa ganzi, hata uji wa moto naunywa tu.

Nikakaa kwenye kigoda nikitazama mlango wa jiko. Namba yetu bado ipo: 510511. Nilikuwa darasa la sita ulipochukua mkaa, ukazidisha namba tasa saba za kwanza, kuanzia mbili hadi kumi na saba, ukapata 510510, kisha ukaongeza moja. Tukaigawanya kwa zote saba. Kila mara ilibaki moja. Ukajifuta mikono kwenye suruali, jambo ambalo mama hakulipenda kabisa, ukasema, "Haigawanyiki, mwanangu. Hii nayo ni tasa."

Nikakuuliza kwa nini namba iitwe tasa kama mwanamke.

"Ni jina tu la hesabu," ukasema, ukaenda kumenya mihogo. Tangu hapo, kila msimu wa korosho uliikoleza kwa mkaa isifutike, na wageni ukawaonyesha. Ulijivunia namba ile kuliko baiskeli yako.

Neno hilo nimeitwa sana huko Janga. Mama mkwe hulitamka polepole, kama wewe ulipokuwa unatoa imla. Nimepimwa mara tatu, na mara zote daktari aliniambia sina tatizo, nirudi na mwenzangu. Mwenzangu akasema, "Mimi nikapimwe nini? Kwetu hatuna ugonjwa huo." Nikaendelea kukunja nguo.

Basi juzi nikaokota kipande cha mkaa, sijui kwa nini. Nikajaribu kumi na tisa, tasa inayofuata kumi na saba, ambayo wewe na mimi hatukuijaribu. Ikaingia mara 26869. Hakikubaki kitu. Nikarudia hesabu, jibu likawa lile lile. Mwalimu mzima, uliishia hatua moja kabla. Zamani ningekutania wiki nzima. Juzi nilikaa tu na mkaa mkononi.

Namba yako sikuifuta. Pembeni nimeandika 19, kwa mwandiko wangu.

Jumamosi nitakwenda kwenye kikao. Wakishamaliza kusema yao, nitauliza swali moja tu: nani kati yetu wawili bado hajapimwa? Naogopa, baba. Ni kitu cha kwanza kukisikia moyoni tangu tulipokuzika mwezi uliopita.

Pumzika salama. Kazi yako nimeisahihisha.

Binti yako, mwanafunzi wako wa mlangoni