Asubuhi za Baridi na Gari la Hajati

Jumanne, 8 Julai

Leo gari limegoma tena. Ukungu wa ziwa umefika mpaka mlangoni. Hajati ameamka kabla yangu, ameswali, amekunywa chai ya tangawizi akiwa amesimama, kisha akaenda kukaa kwenye usukani kama anayekwenda kumjulia hali mgonjwa.

Huyu mwanamke huja hapa kambini Misiera kila Jumatatu kutoka Kakoba, mjini Mbarara, na vitenge na sabuni. Analala kwangu. Jumanne anarudi Mbarara na magunia ya maharagwe. Yeye Mwislamu wa Mbarara, mimi Mkatoliki wa Burundi, na kitanda ni kimoja.

Gari lenyewe ni la dizeli, kongwe kuliko binti yangu Divine. Taa ya kuonyesha kwamba injini imepata joto ilikufa zamani. Fundi alimwekea kitufe chini ya usukani, upande wa kushoto. Unakibonyeza, plagi zinapasha injini moto, unangoja, ndipo unapiga stata. Ungoje kiasi gani? Hajati hatumii saa. Anasoma Alhamdu mara mbili, polepole, hamezi hata herufi moja, kidole kwenye kitufe. Akisema amina anageuza ufunguo.

Leo ilibidi aanze upya. Mara ya pili gari likakohoa, likatoa moshi mweupe, likawaka. Majirani walicheka. Yeye hakugeuza hata shingo. Nampenda kwa hilo.

Jumatano, 9 Julai

Habari kubwa. Madaktari wa macho watakuwa Mbarara Jumanne ijayo, siku moja tu. Mama ameandikishwa. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wataanza na la kulia. Watakaofika asubuhi mapema ndio watakaopasuliwa. Atakayechelewa angoje mpaka warudi, na hakuna aliyejua kusema watarudi lini.

Miaka yote ya hapa kambini Mama ananijua kwa sauti tu.

Taksi haziondoki hadi zijae, na hujaa jua likishapanda. Nimempigia Hajati. Kasema tutaondoka naye. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ijumaa, 11 Julai

Baridi imezidi. Nimelala na sweta na soksi.

Nawaza gari tu. Nalichukia. Leo shambani nimelitukana moyoni, kisha nikaona aibu, maana ndilo litakalotubeba. Mama hana wasiwasi. Amekwisha kukunja kitenge chake kizuri na kukiweka kwenye mfuko. Utulivu wake unanikera.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa kila mtu amekuwa fundi. Silvesta seremala anashauri tuweke jiko la makaa chini ya injini alfajiri, injini ipate joto. Nikamweleza Hajati kwenye simu. Akajibu kwamba dizeli inavuja kidogo pale chini, na kwamba yeye anataka kumpeleka Jaja (bibi, ndivyo anavyomwita Mama) hospitali, si peponi.

Wengine wanasema tusukume. Mwezi uliopita walisukuma. Gari liliteremka mteremko wote mpaka kwenye bomba la maji bila kuwaka. Kisha wakalisukuma tena kupanda. Nani atarudia kazi hiyo?

Jumatatu, 14 Julai

Hajati amefika. Mkono wa kushoto umefungwa bandeji, vidole vimevimba. Jana alikuwa Bwizibwera kununua samli, akafungua boneti aongeze maji, boneti ikamwangukia.

Nikamuuliza leo aliendeshaje mpaka huku. Alibadilisha gia kwa mkono wa kulia, usukani akiuzuia kwa goti. Alisema hivyo huku akinipa samli. Sijui nimgombeze au nimpigie makofi. Nimemgombeza. Kimoyomoyo nilikuwa napiga makofi.

Angeweza kubaki kwake alale. Nani angemlaumu? Alikuja kwa sababu alisema atakuja.

Lakini kitufe kiko kushoto, na kinataka kubonyezwa kwa nguvu muda wote. Kesho kidole ni changu. Nilimwambia Alhamdu siijui.

"Wewe soma yako," akasema. "Kila mtu na yake. Soma mara mbili, halafu sema amina, mimi napiga."

Nina hofu. Nikiharibu mimi, Mama atabaki gizani, na nitaisikia sauti yake kila siku.

Jumanne, 15 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Mama yuko ndani.

Asubuhi ilikuwa mbaya. Baridi ya kuuma meno. Mama alipanda nyuma, kitenge chake kizuri, shuka mbili juu. Hajati kwenye usukani. Mimi pembeni yake, nimejikunja, kidole gumba kwenye kitufe. Nikasali Salamu Maria mara mbili. Nikasema amina. Hajati akageuza ufunguo. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikakataa.

Tukarudia. Salamu Maria mbili, amina. Ikakataa. Safari hii stata ilikuwa nzito. Betri ilikuwa inachoka, wote tuliisikia. Silvesta alikuwa amesimama nje na watu wake, tayari kusukuma, na niliona usoni mwake kwamba hana imani.

Nikaanza kulia. Nililia kwa hasira.

Hajati hakunikemea. Aliniuliza tu nimesoma nini. Nikamwambia: Salamu Maria, mbili, kama ulivyosema. Akaniomba niisome asikie. Nikaisoma. Akanitazama.

"Banange," akashangaa. "Imekwisha?"

Imekwisha, ndiyo. Salamu Maria zangu mbili hazifiki hata nusu ya Alhamdu yake moja. Tena ninavyozisali mimi, ni kama mtu anayekimbia mvua. Hakuna kati yetu aliyefikiria jambo hilo. Yeye alijua sala ni sala, nami vilevile.

Ndipo Mama akasema kutoka nyuma, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa: "Huyu anakimbizaga sala tangu utoto. Acheni nisali miye."

Hajati akasema sawa, Jaja, sali wewe. Mara hii moja tu, betri haina nyingine.

Nikabonyeza. Mama akaanza Baba Yetu. Anavyosali Mama, kila neno analiweka chini kwanza, halafu anaokota lingine. Alipofika kwenye mkate wetu wa kila siku akanyamaza, akapumua, akaendelea. Kidole kilikuwa kinaniuma. Nilitaka kumharakisha, nikazidi kubonyeza. Baada ya Baba Yetu akaunganisha Salamu Maria, kisha Atukuzwe Baba. Hajati alikuwa ameinamisha kichwa, ametulia, mkono kwenye ufunguo.

Amina, akasema Mama. Amina, akasema Hajati. Akageuza.

Ikakohoa. Ikakohoa tena. Moshi mweupe ukamfunika Silvesta. Ikawaka.

Njiani klachi alikanyaga yeye, gia niliingiza mimi. Mbili, anasema. Tatu. Rudi mbili, kuna kilima. Sijawahi kushika gia maishani mwangu. Karibu na Kaberebere niliingiza isiyo yake, gari likapiga kelele. Hajati akasema gari ni kongwe, limezoea kuumia, tuendelee. Bandeji yake ilikuwa imelowa jasho na hakulalamika hata mara moja. Nimewahi kuwaona wanaume wakiitwa mashujaa kwa kidogo kuliko hiki.

Tulikuta watu wachache tu wametutangulia.

Jumatano, 16 Julai

Wameondoa bandeji ya jicho asubuhi hii. Hajati alikuwa amekuja na uji kutoka kwake, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa.

Mama alitazama kwanza vidole vyake mwenyewe. Kisha dirisha. Kisha Hajati, akacheka kidogo, akamwambia alidhani ni mtu mrefu.

Halafu akanigeukia. Alinitazama muda mrefu. Akanyoosha mkono, akagusa nywele zangu za mbele, pale penye mvi.

"Nilikuacha ukiwa msichana," akasema.

Hajati akatoka, akisema anakwenda kutazama gari. Mimi nilikaa kitandani kwa Mama, nikamwacha anitazame, mpaka uji ukapoa.