Gaju Mulangoni kwa Bulanjeri

Papa mupenzi,

Nakusalimia kutoka Goma, fasi vumbi ya mawe ya volkano inaingia mpaka mu chai.

Mama mwenye bulanjeri, nyumba ya kuoka mikate, alikataa kusaini mapatano na shirika yetu ya kulinda pori. Tulimuomba aache makala, mkaa wa miti inayokatwa mu pori ya parke, tumusaidie kuoka na umeme. Akacheka. "Volkano ilipokula tanuru yangu, mashirika yalikuja kupiga picha, yakaenda. Na nyinyi mutaenda."

Nikakumbuka desturi yako: mutu uliyemupa ngombe, hauwezi tena kumukimbia. Nikasumbua mukubwa wangu mpaka shirika ikamununulia mutamba, ngombe muke asiyezaa bado. Leo asubui tumemufikisha mulangoni, akaanza kulamba mifuko ya unga! Yule mama, kumbe mutoto wa vilima vya Masisi kama sisi, anajua desturi ile, akapiga makofi, akasaini palepale.

"Nani alikufundisha hii?"

"Papa yangu," nikajibu, kifua mbele.

Akauliza jina ya ngombe. Nikasema Gaju, kama ile yako waasi walichukua.

Salimia mama na kilima yote. Uwaambie Gaju amerudi, na sasa analinda pori.

Mutoto wako,
Furaha