Ndoo ya Bi Mize

Kaka Asheri,

Shikamoo. Mama hajambo, goti limepoa. Ujumbe wako kutoka huko milimani Amani nimeupata. Unataka nimwombe radhi Godlisten kwa kuwa ni rafiki yako na ndiye aliyenipa kazi. Basi nisikilize.

Kazi yenyewe ilikuwa kuitafutia kampuni yake wateja wapya wa mafriza ya sola. Bi Mize, muuza samaki wa Pangani, nilimbembeleza miezi mitatu. Nilimwahidi kwamba friza likiharibika fundi atafika siku hiyohiyo, kama Godlisten alivyonifundisha. Wiki ya pili likazima. Nilipomwambia Godlisten, akacheka.

"Leticia, kazi yako ni kuleta mteja. Akishanunua, usipokee simu zake."

Nikaenda Pangani mwenyewe. Nilimkuta Bi Mize anatoa samaki waliooza. Hakunifokea.

"Mwanangu, mie kampuni siijui," alisema. "Nilikuamini wewe."

Kaka, sikuvumilia. Nilimpandisha basi pamoja na ndoo ya samaki wale, tukaingia ofisini Tanga wakati Godlisten amekaa na wateja wapya.

"Huyu ndiye mteja wetu wa Pangani," nikawaambia. "Muulizeni kuhusu fundi."

Bi Mize akafunua ndoo. Wale wateja walitoka wote wameziba pua.

Keshoye fundi akapatikana, na friza linagandisha. Mimi nimefukuzwa. Na wewe, ndugu yangu wa damu, hukuuliza hata mara moja nilitumwa kumdanganya nani.

Mdogo wako mwenye hasira,
Leticia